Steringi Hafi

Kanuni ya kwanza ya filamu za kusisimua nilifundishwa na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, nikiwa darasa la nne, kabla sijajua kwamba filamu zina kanuni. Tulikuwa tumebanana kwenye benchi ndani ya kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kimoja cha Ngamiani, Tanga, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, deki imewekwa juu ya kreti la soda, na feni ndogo imeelekezwa kwenye deki badala ya kuelekezwa kwetu. Kwenye televisheni mtu alikuwa akining'inia kwa mkono mmoja ukingoni mwa ghorofa, nami nilikuwa nimefumba macho. Kaka alinipiga kiwiko, akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma kifungu cha sheria: "Fumbua macho wewe. Steringi hafi."

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa steringi ni nani. Neno tulilitoa kwenye maandishi ya mwanzo wa mkanda, yale yanayotangulia majina ya waigizaji, tukaligeuza kuwa cheo cha mhusika mkuu. Steringi alipigwa lakini hakuuawa. Risasi zilimkosa yeye zikampata rafiki yake, na rafiki huyo, hasa akishatoa mfukoni picha ya mchumba wake, sisi tulikuwa tumekwisha kumzika. Adui naye alikuwa na desturi zake, kubwa kuliko zote ikiwa ni kuhutubia pale ambapo angeweza kufyatua risasi akaenda zake nyumbani. Tulizijua desturi hizi kama tulivyojua kwamba fisi hawezi kumshinda sungura. Ndipo lilipo swali ambalo limenisumbua tangu wakati huo: ikiwa watu wote mle ndani tulijua kwamba steringi hafi, mimi nilifumba macho kwa sababu gani?

Jibu nililipata kwa mtu niliyekuwa nikimdharau. Mikanda mingi tuliyoangalia ilikuwa imeingizwa sauti ya mtafsiri, mtu mmoja aliyesema maneno ya wahusika wote, wanaume kwa wanawake, polisi kwa majambazi. Kwetu aliyevuma alikuwa Lufufu. Wakenya wana DJ Afro, na Uganda kazi hiyo imekuwa fani kamili yenye mabingwa na mashabiki wake. Mtafsiri hakuishia kutafsiri. Alisimulia, alitania, aliwapachika wahusika majina ya mitaani kwetu, na mara nyingi sana alituambia jambo ambalo mhusika mwenyewe hakulijua: "Masikini dada wa watu, anaingia chumbani huku anaimba, hajui kama jamaa yuko nyuma ya pazia." Nilipofika chuo na kuanza kuangalia filamu peke yangu usiku kwenye kompyuta, nikawa mjuaji wa kuwaambia wenzangu kwamba watafsiri wale walituharibia filamu kwa kumwaga siri kabla ya wakati wake.

Kisha nikasoma mazungumzo ya Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1899 na kwenda kufanya kazi zake kubwa Marekani, na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut. Walikaa pamoja mwaka 1962, siku baada ya siku, Truffaut akimhoji mkubwa wake filamu moja baada ya nyingine, na mazungumzo hayo yakatoka kama kitabu mwaka 1966. Humo ndimo ulimo mfano wa bomu, ambao kila anayefundisha uandishi wa filamu huurudia hadi umechujuka, lakini bado sijaona mwingine unaoushinda. Watu wawili wamekaa mezani wanazungumza mambo yasiyo na uzito. Ghafla bomu lililofichwa chini ya meza linalipuka. Mtazamaji anashtuka, na mshtuko huo unadumu sekunde 15. Sasa chukua watu wale wale na meza ile ile, ila mtazamaji awe amekwisha kumwona mtu akilitega bomu, awe anajua kwamba litalipuka saa saba kamili, na ukutani kuwe na saa inayoonyesha saa saba kasorobo. Mazungumzo yale yale ya kipuuzi yanageuka kuwa kitu kisichovumilika, kwa sababu mtazamaji anatamani kuwapigia kelele kwamba waache porojo, kuna bomu chini ya meza. Hapo umempa dakika 15 za taharuki.

Niliposoma maneno hayo niliisikia sauti ya mtafsiri. "Hajui kama jamaa yuko nyuma ya pazia." Kumbe bwana yule hakuwa anatuharibia kitu. Pale ambapo mtengenezaji wa filamu, kwa uvivu au kwa kukosa akili, alikusudia mshtuko wa sekunde kadhaa, mtafsiri wetu alikuwa akiingiza mkono ndani ya mkanda na kulitega bomu chini ya meza.

Walimu wetu wa fasihi walitufundisha taharuki kama hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata. Maelezo hayo si mabaya, lakini hayatofautishi filamu ya kusisimua na hadithi ya upelelezi, na hizi ni ndugu wasiofanana. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tangu alipotoka katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, anavuta kiko chake akijua mambo ambayo sisi hatujayajua. Tunamfuata nyuma, na raha yetu ni kufumbuliwa fumbo mwishoni. Kwenye filamu ya taharuki sisi ndio tunaojua na steringi ndiye asiyejua. Mpelelezi hutafuta jambo lililokwisha kutokea, ilhali taharuki huhusu jambo ambalo bado linaweza kuzuilika, laiti mtu angeinama tu akatazama chini ya meza. Ndiyo maana kujua kwamba steringi hafi hakukunisaidia. Mwisho niliujua; nisichoweza kukivumilia ni kumwona mtu akikielekea kitu ambacho mimi nimekiona, nami sina njia ya kumwambia.

Kaka yangu siku hizi ni dereva wa mabasi ya mikoani, kwa hiyo nisameheweni kama mifano yangu miwili inayofuata ni ya mabasi.

Filamu ya Sabotage aliitengeneza Hitchcock mwaka 1936, angali Uingereza. Mwenye jumba la sinema la London anashirikiana kwa siri na wahujumu, na anatakiwa kupeleka bomu kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Piccadilly Circus. Polisi wanamchunga, hawezi kutoka. Anampa kazi hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtoto wa kiume mwenye adabu, kwa kisingizio cha kurudisha makopo ya filamu. Mtazamaji ameambiwa kwamba bomu litalipuka saa nane kasorobo. Mtoto hajui lolote. Njiani anakamatwa na mchuuzi wa dawa ya meno anayetaka kuonyesha umati jinsi meno yanavyosafishwa. Anasimama kutazama gwaride. Saa zinaonyeshwa moja baada ya nyingine. Hatimaye anafika kwenye basi, na kondakta anamkatalia kwa sababu filamu za siku zile zilishika moto kwa urahisi mno na hazikuruhusiwa kupandishwa kwenye chombo cha abiria. Kondakta huyo, bila kujua, yuko sentimita chache tu kutoka kuyaokoa maisha ya watu wote waliomo. Kisha anasoma jina la filamu kwenye kopo, anatabasamu, anamruhusu. Mtoto anakaa karibu na abiria mwenye kijibwa kidogo, anakichezea, basi linakwama kwenye foleni, mshale wa saa unasogea. Saa nane kasorobo, basi linalipuka pamoja na mtoto, kijibwa na wote.

Watazamaji wengi wa wakati ule walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alimkiri Truffaut kwamba alikosea. Ukishamfanya mtazamaji ateseke dakika zote zile, alisema, bomu lisilipuke. Mtu alione, alinyakue, alitupe dirishani. Mimi naona alijihukumu kwa ukali kidogo, kwa sababu sehemu iliyobaki ya filamu ile haiwezi kuwepo bila kifo kile, lakini naelewa hasira ya watu. Taharuki ni mkopo. Mwongozaji anamkopa mtazamaji utulivu wake wa moyo, na mtazamaji anatoa akiamini kwamba atarudishiwa.

Miaka 58 baadaye, mwaka 1994, Jan de Bont alitoa Speed, na huu ndio mkanda ambao nadhani kila kibanda cha Tanga kiliuonyesha hadi ukaanza kuchora mistari. Basi la abiria la Los Angeles limetegwa bomu. Likishavuka mwendo wa maili 50 kwa saa, ambao ni kama kilomita 80, bomu linakuwa tayari, na likishuka chini ya hapo linalipuka. Dereva anajeruhiwa, na anayeshika usukani ni abiria, Sandra Bullock, ambaye amepanda basi siku hiyo kwa sababu amenyang'anywa leseni kwa kuendesha kasi. Kibanda kizima kilipiga makofi. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo saa nzuri kuliko zote zilizowahi kubuniwa kwa ajili ya filamu ya aina hii, kwa sababu haiko ukutani. Kila kitu cha kawaida cha barabarani, taa nyekundu, foleni, kona, mtu anayevuka, kinageuka kuwa adui, na mtu yeyote aliyewahi kukaa ndani ya gari mjini anaelewa bila kutafsiriwa.

Kuna sehemu moja humo ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko lile pengo la barabara lililorukwa na basi. (Kuhusu pengo, kaka ana hukumu yake ya kitaalamu: basi la uzito ule haliruki, linainamisha pua. Nilipomweleza kwamba barabara yenyewe ilikuwa imekamilika na pengo lilitengenezwa kwa kompyuta, alifurahi kama aliyeshinda kesi.) Sehemu ninayoisema ni fupi. Basi linapita mtaani kwa kasi, na mwanamke anavuka akisukuma kigari cha mtoto mchanga. Tunakiona kigari. Bullock anakiona. Hawezi kufunga breki, hawezi kukwepa kwa wakati, basi linakigonga na kukirusha juu. Kwa sekunde mbili au tatu kila mtu, ndani ya basi na ndani ya kibanda, ameua mtoto mchanga. Kisha tunaona kilichomwagika barabarani: makopo matupu.

Nilipokuja kuiona Sabotage nikiwa mtu mzima, makopo hayo yalinirudia. Mwaka 1936 mtoto alipanda basi na makopo ya filamu, akafa, na watu wakahisi wameibiwa. Mwaka 1994 waandishi wakafanya kana kwamba watauvunja mkataba ule ule, wakauinamisha hadi ukalia, halafu wakatuonyesha makopo. Sijui kama walimfikiria mtoto wa Hitchcock, wala si muhimu. Mtazamaji aliyezoea kanuni anaweza kutishwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni wazo kwamba safari hii kanuni haitafuatwa.

Uchungu wa kujua na kushindwa kusema, Hitchcock aliwahi kuutengenezea filamu nzima. Katika Rear Window ya mwaka 1954, James Stewart ni mpiga picha aliyevunjika mguu, amekaa kwenye kiti cha magurudumu akiwatazama majirani kupitia dirisha lake, na anaamini kwamba mmoja wao amemuua mke wake. Mpenzi wake, Grace Kelly, anapanda na kuingia ndani ya nyumba ya mtu huyo kutafuta ushahidi. Mwenye nyumba anarudi. Stewart anamwona kwenye ujia, hatua kwa hatua, na Kelly yuko chumbani anapekua, na kati yao na Stewart kuna ua mzima. Anachoweza kufanya ni kujinyonganyonga kitini na kunong'ona. Nilipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa namtazama mtu aliyekaa kama sisi tulivyokaa Ngamiani, mbele ya kioo cha mstatili, miguu imekufa ganzi, akitamani kupaza sauti. Tofauti ni kwamba sisi tulipaza. "Toka! Anakuja! Dada, toka!" Mwenye kibanda alizoea kutufokea kwamba hao hawasikii.

Desturi nyingine nazipita haraka. Ipo ya mtu asiye na hatia anayesakwa na pande mbili, polisi na maadui, ili asiwe na mlango wa kugonga. Cary Grant katika North by Northwest ya mwaka 1959 anatumbukia katika balaa hilo kwa kosa la kumwita mhudumu wa hoteli sekunde ile ile ambayo jina la mtu mwingine linatangazwa. Ipo ya kumnyima mtazamaji umbo la kitisho, ambayo Steven Spielberg alilazimishwa nayo katika Jaws ya mwaka 1975, kwa kuwa papa wake wa mashine aligoma mara kwa mara ndani ya maji ya chumvi, ikabidi mapipa ya manjano yaelee badala yake. Na tangu simu za mkononi zienee ipo desturi mpya, inayochosha, ya dakika ile ambapo mhusika anatazama simu na kukuta hakuna mtandao. Filamu zetu wenyewe zingeweza kuwafundisha Wamarekani jambo hapa, kwani kwetu simu ina mtandao lakini haina salio, na kumwomba mtu akutumie salio huku jambazi anapanda ngazi ni taharuki ambayo hakuna mtu wa Hollywood angeifikiria. Kwa bahati mbaya, nyingi nilizoziangalia hupenda zaidi kutuficha jambo hadi dakika ya mwisho kisha watufunulie kwamba muuaji ni shemeji. Tunashtuka, tunazima televisheni, tunalala.

Basi la kaka linapolala Dar es Salaam, yeye hulala kwangu. Usiku mmoja wa mwaka jana nilimwekea Psycho ya mwaka 1960, bila kumwambia lolote, nikakaa pembeni nikimtazama yeye kuliko filamu.

Alianza kama alivyoanza siku zote, kwa kutafuta steringi. Alimpata mapema: Marion Crane, karani wa Phoenix, Arizona, anayeigizwa na Janet Leigh. Mwajiri wake anamkabidhi dola 40,000 taslimu apeleke benki, naye anatoroka nazo. Kaka hakumlaumu sana. Alimwogopea polisi wa barabarani mwenye miwani myeusi, alikerwa naye alipobadilisha gari kwa pupa mbele ya polisi huyo huyo, na mvua ilipoanza kunyesha usiku, akiwa dereva, alisema tu, "Asimame alale." Marion akasimama. Akala mkate na kijana mpole mwenye nyumba ile ya wageni, akaamua kurudisha pesa, akapiga hesabu kwenye karatasi ya kiasi alichokwisha kutumia, akaichana, akaingia kuoga.

Mauaji yale ya bafuni yalichukua kama wiki nzima kupigwa picha, ili yapatikane yasiyofika dakika moja. Hitchcock alikusudia yawe kimya, bila muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika vipande vya zeze vinavyolia kama ndege wanaochinjwa, na Hitchcock alipovisikia akageuza uamuzi. Nasema hivi kwa sababu vibandani sauti ya mtafsiri ilimeza muziki wote, na mtu kama kaka, aliyeangalia mamia ya mikanda, hakuwa amewahi kuisikia filamu vizuri. Aliruka kitini. Kisha akasubiri. Filamu haikuwa imefika hata nusu. Alinitazama, akaitazama tena televisheni, jicho la Marion likiwa wazi sakafuni.

"Sasa steringi nani?"

Sikumjibu. Mwaka 1960 Hitchcock aliwataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu kuingia baada ya filamu kuanza, na mara nyingi hilo huelezwa kama mbinu ya kibiashara, lakini lilikuwa na maana nyingine: aliyechelewa angekaa hadi mwisho akimsubiri Janet Leigh. Kinachofuata mauaji ni kirefu na karibu hakina maneno. Kijana Norman, yaani Anthony Perkins, anaingia, anaona, anaziba mdomo, kisha anaanza kusafisha. Anadeki. Anasuuza beseni. Anaufunga mwili kwa pazia la bafuni, anaupakia nyuma ya gari, anakusanya mizigo. Zile dola, zilizobaki karibu zote, zimeviringishwa ndani ya gazeti juu ya meza; analiona gazeti dakika ya mwisho na kulitupa garini kama takataka. Kaka alitoa mguno wa maumivu halisi. Pesa ambazo kwa dakika karibu hamsini tulidhani ndizo habari yenyewe zinakwenda kuzama, na filamu haijali.

Norman analisukuma gari kwenye kinamasi kilicho nyuma ya nyumba na kusimama ukingoni, akitafuna kitu. Gari linadidimia taratibu, matope yanapanda hadi madirishani. Halafu linasimama. Paa limebaki juu, jeupe, kila mtu angeweza kuliona asubuhi. Norman anaacha kutafuna. Anageuza shingo huku na huku.

Nilimtazama kaka. Mtu aliyenifundisha sheria, aliyekuwa dakika kumi zilizopita akimwombea mwanamke aliyemo ndani ya gari lile, alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti, akilisemesha gari kwa sauti ya chini ambayo sidhani kama alikusudia niisikie.

"Zama," alisema. "Zama bwana, zama."